Taa ya injini imewaka njiani: soma dalili kabla hujagusa kitu

Gereji yetu iko Morogoro, kando ya barabara kuu, na wateja wetu wengi ni wa safari: wametoka Dar wanakwenda Iringa au Mbeya, au ndio wanarudi. Wengi huingia na maneno yaleyale: "Fundi, taa ya injini imewaka tangu Chalinze." Nami huwauliza swali moja kabla sijafungua boneti: "Iliwaka ikatulia, au ilikuwa inapepesa?" Wengi hawakumbuki. Inanisikitisha kila mara, kwa sababu jibu hilo ndilo lingewaambia kama gari lilitakiwa kusimama palepale Chalinze, au lingefika Iringa na kurudi bila hasara yoyote.

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, jinsi madereva wanavyoniletea. Sababu za kila dalili nimezianza na zile ninazokutana nazo mara nyingi. Magari ninayoyashika zaidi ni ya Toyota yaliyotumika Japani, kina IST, Vitz, Premio na Noah, kwa hiyo mifano mingi itatoka huko.

Kwanza rangi, ndipo mengine

Taa ya njano yenye picha ya injini maana yake kompyuta ya gari imeona kipimo ambacho hakiko sawa. Ikiwa imetulia, punguza mwendo, sikiliza, endelea kwa upole. Ikiwa inapepesa, toa mguu kwenye mafuta na utafute pa kusimama. Taa nyekundu ni habari nyingine kabisa. Nyekundu ya oili, ile ya birika lenye tone, na nyekundu ya joto, ile ya kipimajoto kilichozama kwenye maji, zinataka injini izimwe ndani ya dakika hiyohiyo. Hapo hakuna "nifike tu pale mbele".

Simama mahali unapoonekana. Usisimame kwenye kona, na usisimame katikati ya mpando wa Kitonga ambako malori yanakuja nyuma yako yakiwa na mzigo. Weka pembetatu za tahadhari mbali na gari. Matawi ya miti yaongezee tu, na ukiondoka uyaondoe. Kama umekwama ndani ya Hifadhi ya Mikumi, zima injini, washa taa za dharura, ubaki ndani ya gari na vioo juu. Hapo usishuke kwenda kufungua boneti. Omba msaada kwa simu au kwa gari linalopita.

Taa ya njano inapepesa na gari linatetemeka

Hii ndiyo ninayoiona kuliko zote. Silinda moja, au zaidi, haichomi petroli. Mafundi tunasema gari linamisi. Petroli ile isiyochomeka haipotei: inatoka na moshi hadi kwenye masega, yaani kile kichujio kilichomo ndani ya bomba la moshi, na inawakia humo. Masega yanapata joto kupita kiasi hadi yanayeyuka. Kompyuta inajua hilo, ndiyo maana inapepesa badala ya kuwaka tu. Plagi nne unaweza kuzinunua leo na ukalala vizuri. Masega mapya ni kilio. Tena usiegeshe gari la namna hiyo juu ya majani makavu. Chini pale pana moto wa kutosha kuyawasha.

Sababu, kwa jinsi zinavyokuja kwangu: plagi zilizochoka, koili iliyokufa (ndiyo inayoipa plagi umeme wa kutoa cheche), maji au oili ndani ya shimo la plagi, mafuta mabaya, nozeli chafu (ndizo zinazopuliza petroli), nyaya zilizoliwa na panya, na mwisho kabisa kompresheni ndogo, yaani silinda haibani hewa vya kutosha.

Jiulize kwanza: injini imeoshwa lini? Mama mmoja alifika na IST inatetemeka kama cherehani. Alikuwa ameiosha asubuhi Kimara, na vijana wa pale wakapiga mashine ya presha juu ya injini ili aende nyumbani kwao na gari linalong'aa. Nilifungua bolti moja ya spana namba 10, nikachomoa koili ya silinda ya tatu. Ule mpira wake mrefu ukatoka unadondosha maji, na ndani ya shimo plagi ilikuwa imezama kwenye povu la sabuni. Tulinyonya maji, tukapuliza kwa upepo wa kompresa, tukaanika koili juani. Lilipowaka, lilitulia. Hakununua kitu.

Kama maji hayahusiki, tazama kama shimo lina oili. Oili ikijaa mle, gasketi ya kifuniko cha juu cha injini imekakamaa. Ukibadili plagi peke yake utarudi baada ya miezi.

Sasa kipimo ambacho mwenye gari anaweza kukifanya mwenyewe, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Unahitaji kifaa kidogo cha kusomea makosa, kile cha bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi yenye matundu 16 chini ya usukani na kusomeka kwenye simu. Namba P0301 inasema silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, hivyohivyo hadi P0304. P0300 inasema zinamisi ovyo, na hapo shuku kitu kinachozigusa zote, kama mafuta au hewa. Tuseme umepata P0301. Kwenye injini ya 1NZ, ile ya IST na Vitz nyingi, silinda ya kwanza iko upande wa mkanda. Chukua koili ya kwanza uipeleke ya tatu, ya tatu uilete ya kwanza, futa kosa, uendeshe kidogo. Namba ikihamia P0303, koili hiyo ndiyo mbaya. Ikibaki P0301, fanya vivyo hivyo kwa plagi. Ikibaki tena, nozeli ya silinda hiyo ipimwe.

Nawaomba sana jambo moja. Usichomoe koili injini ikiwa inaunguruma ili "kusikia tofauti". Zamani tulifanya hivyo. Ule umeme ni wa maelfu ya volti, na kila sekunde unayosikiliza unamwaga petroli mbichi kwenye masega.

Acha kazi na umwite fundi kama plagi na koili ni nzima lakini silinda ni ileile, au kama unasikia mlio wa chuma kugonga. Hapo ni kupima kompresheni, na kifaa chake hakikai nyumbani kwa mtu.

Taa nyekundu ya oili

Zima. Usisubiri hata wimbo wa redio uishe. Taa hii haipimi wingi wa oili, inapima presha, na presha ikikosekana vyuma vinasagana vikavu. Nimefungua injini iliyotembea na taa hii kutoka Mikumi hadi kwetu, zaidi ya kilomita 100, na beringi zake zilikuwa nyembamba kama kucha, rangi imegeuka buluu. Mwenyewe aliniambia gari lilikuwa "linakwenda vizuri tu".

Acha injini itulie dakika 5 hadi 10 mahali tambarare. Chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kichomoe tena usome. Oili inatakiwa iwe kati ya alama mbili. Ikiwa iko chini, ongeza kidogokidogo ukipima. Kwenye magari madogo mengi nafasi kati ya alama hizo ni karibu lita moja. Chungulia na chini ya gari: bolti ya kumwagia oili ambayo haikukazwa kwenye sevisi iliyopita ni sababu ya kweli kabisa, na filta iliyofungwa juu ya mpira wa filta ya zamani pia.

Kiwango kiko sawa na taa bado inawaka? Usiwashe tena. Inaweza kuwa swichi ya presha imekufa, kitu cha bei ndogo, lakini inaweza kuwa pampu, na kutoka kwenye kiti cha dereva huwezi kuzitofautisha. Ita gari la brekidauni. Na kama gari lako ni otomatiki, libebwe. Usilivute kwa kamba masafa marefu matairi yanayosukuma yakiwa chini, kwa sababu unaliponya injini huku unaliua giaboksi.

Taa nyekundu ya joto

Vitz, IST na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Asubuhi zinawasha taa ya buluu, inazimika injini ikipata joto, basi. Madereva wengi wanazoea kutoona kitu pale hadi siku inawaka nyekundu. Kwa hiyo tofauti na gari lenye mshale, hapa hupewi onyo la mapema. Nyekundu ikija, joto limeshapita.

Zima eyakondisheni. Kama uko mahali ambapo huwezi kusimama mara moja, washa hita ya ndani hadi mwisho na feni yake. Utatokwa jasho lakini unaitoa injini sehemu ya joto lake. Ukisimama, zima.

Kisha subiri. Nusu saa ni kidogo, dakika 45 ni bora. Mfuniko wa rejeta usiuguse kabla bomba la juu la rejeta halijashikika kwa mkono bila kuungua. Yale maji yako chini ya presha na yana joto linalozidi nyuzi 100. Ukifungua yanaruka usoni. Nimempeleka hospitali kijana wa gereji ya jirani kwa kosa hilo, na ngozi ya shingo yake haijarudi kama ilivyokuwa. Wala usimwage maji ya baridi juu ya injini yenye moto. Silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ni ya aluminiamu, inapinda au kupasuka.

Ikishapoa, angalia kwa mpangilio huu: maji yamepungua? Bomba la mpira limepasuka au kibano kimelegea? Feni inazunguka ukiwasha gari na eyakondisheni? Mfuniko wa rejeta una mpira uliokatika? Mkanda upo? Ikiwa vyote ni vizima, basi ni pampu ya maji, themostati (ile valvu inayoyaachia maji yaende kwenye rejeta injini ikishapata joto), rejeta iliyoziba, au gasketi ya silinda hedi. Dalili za gasketi zinatisha na zinaonekana: moshi mweupe mzito usiokoma, mapovu ndani ya rejeta, oili yenye rangi ya chai ya maziwa. Ukiona moja ya hizo, usiwashe tena, mtafute fundi.

Kuhusu themostati nina la kusema. Kuna mazoea ya kuing'oa na kuitupa, "huku kwetu ni joto, haina kazi". Ina kazi. Bila hiyo injini haifiki joto lake, kompyuta inaendelea kumwaga mafuta kama vile ni alfajiri, petroli inakwisha, na taa ya njano inawaka na kosa P0128. Magari kadhaa niliyoletewa kwa "ulaji wa mafuta" nimeyaponya kwa kurudisha themostati tu. Na rejeta itiwe kulanti, yale maji maalumu ya kupozea injini. Maji ya bomba yanaacha chumvi na kutu mle ndani, ukayaona mekundu kama udongo wa Lushoto.

Taa ya betri

Hapa betri haichajiwi. Fungua boneti utazame mkanda. Kama upo na umebana, shida ni altaneta, ile inayochaji betri, au waya wake, na unaweza kusogea kilomita kadhaa mchana ukiwa umezima redio, eyakondisheni na kila kinachokula umeme. Kama mkanda umekatika, simama. Kwenye injini nyingi, 1NZ ikiwemo, mkanda huohuo ndio unaozungusha pampu ya maji, na baada ya dakika chache utakutana na taa ya joto.

Taa ya njano imetulia, gari linakwenda kawaida

Usiogope. Fika uendako, halafu lisomwe ndani ya siku chache. Kama umetoka tu sevisi, rudi kwa aliyeifanya: mara nyingi ni plagi ya umeme ya sensa haikurudishwa, au boksi la filta ya hewa halikufungwa na hewa inaingia pembeni.

Vinginevyo, P0171 inasema hewa ni nyingi kuliko petroli. Sikiliza mlio wa "ssss" karibu na mabomba ya hewa injini ikiwa inaunguruma; bomba lililopasuka linalia. Likiwa zima, safisha sensa ya hewa kwa dawa yake maalumu ya kupuliza. Usiiguse kwa kidole wala kitambaa, waya wake ni mwembamba kama unywele. P0135 ni hita ya sensa ya oksijeni, na hiyo hubadilishwa.

P0420 inawaliza watu. Inasema masega hayasafishi moshi. Kabla hujakubali kununua chochote, mwambie fundi apime sensa ya nyuma na atafute tundu kwenye bomba la moshi. Na uliza kama masega bado yamo. Yana platinamu na paladiamu ndani yake, yana wanunuzi, na nimefungua mabomba ya wateja wasiojua kwamba ndani palishachomolewa zamani na kushonwa kwa welding. Ukipeleka gari matengenezo ya bomba la moshi, kaa pale.

Video nyingi za kutoka Marekani zinaanza na "kaza mfuniko wa tangi la mafuta". Kule magari yanapima kama mvuke wa petroli unavuja, ndiyo maana. Ukaze tu, haugharimu kitu, lakini kwa gari lililotengenezwa kwa soko la Japani usitegemee kwamba ndiyo dawa.

Taa imewaka na gari limekosa nguvu mlimani

Anza na filta ya hewa: itoe, ishike juani, kama mwanga haupiti, ibadilishe. Barabara za vumbi huiziba kabla ya wakati wake. Halafu filta ya petroli, halafu presha ya pampu ya petroli, ambayo lazima ipimwe kwa geji. Masega yaliyoyeyuka na kuziba bomba nayo huleta hali hii: gari linaunguruma vizuri limesimama, likipewa mlima linakata pumzi. Kwa dizeli yenye turbo, kama Hilux, tazama pia bomba la hewa lililochomoka, na ukiona moshi mweusi au mweupe mwingi mwachie fundi wa pampu na nozeli.

Gari linazima likipata moto, likipoa linawaka

Mara nyingi ni sensa ya kranki, ile inayosoma mzunguko wa injini, kosa P0335. Ni kifaa kidogo, lakini hatari yake ni pale linapozimia: usukani unakuwa mzito na breki zinabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu. Ukanyage mara moja kwa nguvu na uishikilie, usipampu. Gari la hivi usilipeleke safari.

Taa imewaka muda mfupi baada ya kujaza mafuta

Kinga petroli kidogo kwenye chupa nyeupe isiyo na rangi, kutoka kwenye bomba la mafuta, injini ikiwa baridi na hakuna moto wala sigara karibu. Iache dakika 15. Maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na mstari utauona kwa macho. Kama yamo, usiendelee kuliwasha. Tangi limwagwe na mafuta yatolewe kwenye mabomba. Tunza risiti na chupa hiyo, kwa sababu EWURA, mamlaka inayosimamia nishati na maji, inapokea malalamiko, na bila risiti huna cha kuonyesha. Kama umetiliwa dizeli kwenye petroli na umegundua ukiwa bado sheli, usizungushe ufunguo hata kidogo. Lisukumwe pembeni.

Taa imezimika yenyewe, au imefutwa

Ikizimika yenyewe baada ya siku kadhaa, kosa halijaonekana tena, lakini kumbukumbu inaweza kubaki kwenye kompyuta. Lisomwe. Kuchomoa waya wa betri ili taa izime ni kumnyang'anya fundi ushahidi: namba inafutika, tatizo linabaki. Kabla ya kufuta chochote piga picha ya namba zote, na ya dashibodi, uandike mwendo, kama ulikuwa mlimani, kama ulikuwa umewasha eyakondisheni, na lini uliweka mafuta. Karatasi hiyo inanipunguzia nusu siku ya kutafuta, na wewe inakupunguzia hela.

Taa haiwaki kabisa

Kijana mmoja aliniletea Premio aliyoinunua wiki hiyo kwa mtu, akisema gari ni safi, tatizo ni kutetemeka kidogo tu. Nilimwambia, "Bwana mdogo, zungusha ufunguo bila kuwasha." Taa ya oili ikawaka, ya betri ikawaka, ya mifuko ya hewa ikawaka. Ya injini, giza. Tulipofungua dashibodi tulikuta kipande cha gundi nyeusi kimebandikwa nyuma ya picha ile, kimekatwa kwa mkasi, duara safi kabisa. Kompyuta ilikuwa na makosa manne.

Gari zima huwasha taa hiyo kila unapofungua swichi, na huizima injini inapowaka. Isipowaka, aidha globu imekufa au mtu ameificha. Unapokwenda kununua gari, kaa kwenye kiti cha dereva kabla hujapatana bei, zungusha ufunguo hadi hatua ya kabla ya stata, na uzihesabu taa moja moja. Ya injini ikikosekana, chomeka kifaa cha kusomea hapohapo mbele ya muuzaji. Akikataa, rudisha ufunguo.